Neema, Utiifu na Wokovu katika Itikadi ya Manasara

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya haya: katika mambo yasemwayo sana mabarazani kwetu juu ya dini ya Manasara ni neno hili, ya kuwa kwao mtu akisha kuamini kwamba Nabii Isa alikufa kwa ajili yake, basi amekwisha kuokoka, na baada ya hapo na atende atakalo, kwani amali kwao haina hesabu. Walisemao neno hili ni wengi, na waliopata kuuliza kama ni kweli ni wachache. Nasi twaona yapasa lichunguzwe kwa sababu mbili. Ya kwanza, Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Maida ametuamrisha kushika uadilifu hata kwa watu ambao nyoyo zetu zinawachukia, na kumpachika mtu itikadi asiyokuwa nayo si uadilifu. Ya pili, mwenye kumjadili mtu kwa jambo asiloliamini hujichosha bure. Mwenziwe humwona jahili, na hata ile haki aliyo nayo haitasikilizwa.

Yafaa kwanza tutazame maneno yenyewe, kwani hapa ndipo wengi wanapopotea. Wakristo walipotia vitabu vyao katika Kiswahili walichukua maneno ambayo aghlabu ni yetu sisi, yaliyotoka katika Kiarabu: neema, imani, dhambi, toba, haki, rehema. Basi Muislamu ayasikiapo hudhani ameyafahamu. Mathalan neema: kwetu ni mvua, ni afya, ni watoto, ni mavuno mema, ni kila kheri aliyotupa Mola. Kwao neno hili limesimama mahali pa neno la Kiyunani lenye maana ya upendeleo ambao mtu hakuustahiki. Tena ni nguvu ya Mungu iingiayo moyoni mwa mtu ikamgeuza. Anayetaka kulifahamu kwa lugha ya wanavyuoni wetu, na alikurubishe na maneno mawili, fadhila na taufiki, kuliko neema. Na wokovu, neno lililotoka katika kuokoa, hukaribia ile falahi tunayoitiwa katika adhana mara tano kila siku, ila kwao ni kuokolewa na kitu ambacho sisi hatukijui, kama itakavyokuja khabari yake. Na katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 mtu hukuta habari ya kuhesabiwa haki. Hili ni neno la mahakamani. Maana yake ni kama kadhi kumtolea mshtakiwa hukumu kwamba hana hatia. Ugomvi wote tutakaoueleza umezunguka juu ya swali moja: hukumu hiyo hutolewa kwa nini? Kwa amali za mtu, au kwa kuamini kwake, au kwa vyote viwili?

Asili ya ugomvi imo katika vitabu vyao wenyewe. Paulo, katika waraka wake kwa watu wa Rumi na ule wa Wagalatia, amesema mtu huhesabiwa haki kwa imani pasipo amali za sheria, na ushahidi wake ni Nabii Ibrahim, kwamba alimsadiki Mungu, na kwa kusadiki huko akahesabiwa kuwa mwema kabla hajatahiriwa. Katika waraka mwingine ulio ndani ya kitabu hicho hicho, Yakobo asema imani isiyokuwa na amali imekufa. Na ajabu ni kwamba shahidi wake ni yule yule Ibrahim, safari hii kwa kumtoa mwanawe kuchinjwa. (Wao wasema ni Is-haka, na rai mashuhuri kwetu ni kwamba ni Ismail, si mahali pake hapa.) Shahidi mmoja ametolewa na pande mbili! Wanavyuoni wao wamejitahidi kuzipatanisha kauli hizi, na wengi wao husema Paulo alikusudia kuwakataza watu wasijione kuwa wana deni la kumdai Mungu, na Yakobo alikusudia kuwakataza wasijione kuwa ni waumini kwa ulimi mtupu. Mwenye insafu ataona kwamba kupatanisha huku si kwa kubabaisha, kwani Paulo huyo huyo, katika waraka wa Wagalatia, asema imani yenye kufaa ni ile itendayo kazi kwa upendo.

Ugomvi wenyewe ulipata nguvu katika karne ya tano ya miladi, na ulipata nguvu katika Afrika. Alikuwako askofu jina lake Augustine, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Aljeria, akawa askofu wa mji wa Hippo, ambao mahali pake leo ni Annaba, na akafa mwaka 430. Mtu huyu katika ujana wake alikuwa mtumwa wa matamanio, akajaribu mara nyingi kuacha asiweze, hata mwisho akaona kwamba aliyemtoa huko si nafsi yake. Akaandika kitabu cha maungamo yake, na ndani yake akamwomba Mungu ampe uwezo wa kutenda lile analomwamrisha, kisha amwamrishe alitakalo. Dua hii ilisomwa Rumi mbele ya mtawa mmoja aliyetoka Uingereza, jina lake Pelagius, naye akakasirika. Hoja yake ilikuwa nyepesi kufahamika: ikiwa binadamu hana uwezo wa kutii mpaka apewe, basi aliyeasi ana lawama gani? Bwana mwadilifu hamwamrishi mtumwa wake jambo asiloliweza. Mtu anao uhiari, amepewa akili, sheria na mifano ya watu wema, na atii. Pelagius aliwaona Wakristo wa Rumi wamelegea katika tabia, na aliogopa kwamba mafundisho ya Augustine yatawapa udhuru.

Augustine alimjibu kwa miaka mingi. Alisema kwamba tangu Adamu alipoasi, uzao wake wote umezaliwa na maradhi, na utashi wa mtu umepinda hata hawezi kuunyosha mwenyewe. Basi hata ule mwanzo wa kutaka kheri ni neema. Mwaka 418 maaskofu wa Afrika walikutana Carthage, karibu na Tunis ya leo, wakayahukumu maneno ya Pelagius kuwa ni uzushi. Na mwaka 529, katika mji wa Orange nchini Ufaransa, mkutano mwingine ulithibitisha kwamba neema hutangulia kila jema la mtu, lakini ukakanusha vikali kwamba Mungu amewaandikia baadhi ya watu waende katika uovu. Makanisa ya Mashariki, ya Wayunani na wenzao, hayakuufuata mwendo huu wa Augustine. Wao husema tumerithi kwa Adamu mauti na udhaifu, wala hatukurithi hatia yake, na kwamba wokovu ni kazi ya Mungu na mtu pamoja.

Msomaji wetu bila shaka amekwisha kuona kwamba maneno haya si mageni masikioni mwake. Nani ambaye hakuwasikia Mu'tazila wakisema kuwa mtu ndiye muumba wa vitendo vyake, ili uadilifu wa Mungu usitiwe ila? Na nani ambaye hakusoma jibu la Imamu Al-Ash'ari, aliyekufa mwaka 324 wa hijra, kwamba vitendo vimeumbwa na Mwenyezi Mungu na mja huvichuma? Hatusemi mambo haya mawili ni mamoja. Twasema tu kwamba mwenye kuwacheka Wakristo kwa kutatizika hapa, na akumbuke kwamba wakubwa wetu pia walisimama katika mlango huo huo.

Sasa twende Ujerumani, miaka elfu na zaidi baada ya Augustine. Martin Luther alizaliwa mwaka 1483, akaingia utawani mwaka 1505. Alikuwa mtu wa khofu nyingi. Alifunga, alikesha, aliungama dhambi zake kwa padri kwa saa nyingi, na kila akimaliza hukumbuka nyingine; kwa kuwa alifundishwa kwamba Mungu ni mwadilifu, na kila alisikiapo neno hilo la uadilifu mwili ulimtetemeka. Hata alipokuwa akiufundisha waraka wa Paulo kwa Warumi katika mji wa Wittenberg, alifahamu kwamba haki iliyotajwa humo si ile ambayo Mungu huwahukumia watu, bali ni ile ambayo huwapa bure wenye kuamini. Tangu hapo akapumua.

Wakati huo kanisa la Rumi lilikuwa likitoa hati, ambazo aliyetoa fedha alipata kupunguziwa adhabu ya muda, yake au ya maiti wake aliyeko toharani, ndio ule moto wao wa kutakaswa. Fedha hizo zilikuwa za kujenga kanisa kubwa la Petro huko Rumi. Lakini katika nchi alizokuwa akikaa Luther, nusu yake ilikwenda kulipa deni la Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz kwa matajiri wa nyumba ya Fugger, waliomkopesha alipokuwa akitafuta cheo chake. Mambo kama haya hayakosekani dini ikishikana mkono na sanduku la fedha, na sisi tuliokwisha kuona hirizi na hitima zikitiwa bei tusijifanye wageni nayo. Luther aliandika hoja 95 za kuyapinga mwaka 1517, na kutoka hapo kanisa la Magharibi likapasuka pande mbili.

Kauli yake ilikuwa: kwa imani peke yake. Alipotia Injili katika Kijerumani mwaka 1522, alilitia neno hilo «peke yake» katika waraka wa Warumi mahali ambapo asili ya Kiyunani haina, na wapinzani wake hawakumsamehe. Naye alijibu kwamba ndiyo maana ya maneno na ndivyo lugha yake inavyotaka. Na waraka wa Yakobo aliushusha daraja. Ni kweli basi kwamba hapa ndipo palipotoka ile kauli tuliyoisikia mabarazani. Lakini tazama walivyoieleza wenyewe. Mwaka 1530 wafuasi wa Luther walipeleka mbele ya Kaisari, katika mji wa Augsburg, maandishi ya itikadi yao. Katika fungu la sita walisema imani sharti izae matunda mema, na kwamba ni wajibu kutenda mema aliyoyaamrisha Mungu, ila mtu asiyategemee. Na katika fungu la 20 walilalamika kwamba wanasingiziwa kuwa wanakataza amali njema. Kwa hivyo neno tulisemalo sisi leo kana kwamba tumewavumbua, wao walikwisha kushtakiwa kwalo na wenzao karibu miaka mia tano iliyopita, na walilikana.

Mfano wao ni mti na matunda. Mti haupati uhai kwa kuzaa. Huzaa kwa kuwa u hai. Lakini mti usiozaa kamwe, mwenye shamba atauhesabu kuwa ni nini? Mwanafunzi mmoja wa Luther, Johann Agricola, aliposema kwamba sheria haina kazi tena kwa muumini, Luther mwenyewe alisimama kumpinga katika majadiliano ya miaka 1537 hadi 1540.

Upande wa Rumi nao walikutana katika mji wa Trent, na mwezi wa Januari 1547 wakatoa hukumu yao. Wengi wetu hudhani Wakatoliki husema mtu huokoka kwa amali zake. Si hivyo. Kanuni ya kwanza kabisa katika zile 33 walizotoa yamlaani mwenye kusema kwamba mtu aweza kuhesabiwa haki kwa amali zake pasipo neema. Walichompinga Luther ni kwingine: walisema kwamba neema huuamsha utashi wa mtu, na utashi ukiisha kuamshwa huitikia na kusaidiana nayo, kwamba kuhesabiwa haki si hukumu tu bali ni kugeuzwa moyo kweli kweli, kwamba hali hiyo huzidi kwa amali njema, na kwamba dhambi kubwa huivunja, hata mtu arudi kwa kitubio mbele ya padri. Pande hizi mbili zote ziliufikia mwambao wetu. Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844 alikuwa Mjerumani wa upande wa Luther akitumikia chama cha Waingereza, na mapadri wa Kikatoliki walijenga Bagamoyo mwaka 1868. Ndiyo maana mtu aweza kumuuliza Mkristo wa Mombasa na Mkristo wa Bagamoyo swali moja akapata majibu mawili, akadhani mmoja wao amesema uwongo.

Mwenye kuuliza akisema: lakini wako Wakristo tunaowaona wamejiita waliookoka, na tabia zao ni mbaya. Twamjibu: wako, na wakali wa kuwakemea wametoka katika dini yao yenyewe. Dietrich Bonhoeffer, padri wa Kijerumani wa madhehebu ya Luther, aliandika kitabu mwaka 1937 akiishambulia aliyoiita neema rahisi, yaani msamaha usiokuwa na toba wala utiifu. Na akafundisha kwamba imani na utiifu haviachani hata kidogo. Yeye mwenyewe aliipinga serikali ya Hitler, akanyongwa tarehe 9 Aprili 1945. Na katika nchi zetu hizi, ule mwamko uliotoka Rwanda katika miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ambao watu wake waliitwa walokole, yaani waliookoka, ulijulikana kwa watu kuungama dhambi zao hadharani na kurudisha mali waliyoiba. Mtu anayeamini kwamba amali haina hesabu harudishi ng'ombe wa watu.

Na yafaa ijulikane kwamba ugomvi wa Trent na Wittenberg umepoa. Tarehe 31 Oktoba 1999 wajumbe wa Rumi na wa Walutheri walitia sahihi, katika mji ule ule wa Augsburg, tamko la kwamba katika misingi ya jambo hili wamekubaliana, na laana za zamani haziwapati wenye kuamini kama ilivyoandikwa humo. Wamethodisti wakaingia mwaka 2006. Hoja za kuwagonganisha baina yao, ambazo wengine wetu hupenda kuzitumia, zimepungua makali tangu siku hiyo.

Turudi nyumbani kidogo. Je, sisi twasema kwamba amali ndizo zitiazo peponi? Mtume (s.a.w.) ameeleza, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya kuwa hapana yeyote ambaye amali yake itamwokoa, akaulizwa kama hata yeye pia, akajibu kuwa hata yeye, ila Mwenyezi Mungu amfunike kwa rehema yake. Kisha akawahimiza watu watende kwa uwezo wao. Juu ya mkosaji, Makhawarij walisema mwenye dhambi kubwa amekufuru, na Murji'a wakasema maasi hayaidhuru imani. Ahlu-Sunna wakashika katikati: ni muumini mwenye kuasi, na jambo lake liko kwa Mola wake. Ndugu zetu Maibadhi wa Oman na Unguja wana kauli yao, kwamba mwenye kufa juu ya dhambi kubwa pasipo kutubu hatoki motoni, nao humwita kafiri wa neema, si kafiri wa shirki. Na Murji'a, ingawa madhehebu yao yalikufa, ulimi wao haukufa. Ni wangapi wasioijua swafu ya alfajiri, ukiwanasihi hujibu kwamba Mungu ni Ghafur Rahim? Huyo naye ananunua neema rahisi, na hakuipata kwa padri.

Basi kama si hapa, ni wapi tunapoachana nao? Twaachana juu ya dhambi ya Adamu na njia ya kusamehewa. Katika Sura ya Al-Baqara, Adamu alipokea maneno kwa Mola wake, akatubu, akatakabaliwa, na jambo likaisha. Na katika Sura ya An-Najm imekanushwa kwamba nafsi itabebeshwa mzigo wa nafsi nyingine. Wakristo wa Magharibi husema halikuisha. Aliyeipanga hoja yao kwa akili ni Anselm, Askofu Mkuu wa Canterbury, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1098. Amesema: dhambi ni deni la heshima ya Mungu. Deni hili halina ukomo, kwa kuwa aliyekosewa hana ukomo. Anayewiwa ni binadamu, na binadamu hana cha kulipa, kwani utiifu wote anaoweza kuutoa ulikuwa wajibu wake tangu hapo. Mungu akisamehe bure tu, basi mwema na mwovu watakuwa sawa mbele yake, na ulimwengu utakosa nidhamu. Kwa hiyo sharti alipe aliye binadamu na aliye Mungu pamoja. Neema kwao, basi, ni deni lililolipwa na mdai mwenyewe.

Mfanya biashara wa pwani hatashindwa kuiona shubuha. Mdai akitaka, hupiga mstari juu ya jina la mdaiwa katika daftari yake, na hapana atakayemwambia kuwa amedhulumu. Lakini akisha kulipwa deni lote hatuwezi kusema tena kuwa amesamehe. Wao hujibu kwamba Mungu si mdai wa fedha bali ni Hakimu, na hakimu hana ruhusa ya kumwacha muuaji kwa huruma tu. Nasi twarudisha: hakimu wa kidunia hana ruhusa kwa kuwa sheria si yake; lakini mwenye sheria na mwenye haki wakiwa ni mmoja, ni nani wa kumfunga mkono? Na hoja hii ya daftari haikutoka kwetu tu. Faustus Socinus, Mtaliani aliyekufa mwaka 1604, aliitoa mbele ya Wakristo wenzake, akasema Mungu aweza kusamehe deni kama awezavyo mdai yeyote, wala hahitaji malipo. Wafuasi wake walikuwa na shule na kiwanda cha kupigia chapa huko Raków katika nchi ya Poland. Mwaka 1658 baraza la nchi hiyo liliamuru waingie katika Ukatoliki au watoke, na wengi wakatoka, wakatawanyika katika nchi za watu.